Alan Berg: Mtangazaji aliyeuawa kwa sababu ya kazi yake

Na Mwandishi Wetu

NI usiku wa Jumatatu, Juni 18, mwaka 1984, katika mji wa Denver, jimbo la Colorado, nchini Marekani. Saa inakaribia tatu na nusu. Kigari cha Volkswagen kinaingia Mtaa wa Adams na kusimama mbele ya nyumba. Dereva wake, mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye ndevu na nywele zilizoshuka kufunika paji la uso, anafungua mlango na kuanza kuteremka.

Hakujaliwa kuufikia mlango wa nyumba yake. Mtu aliyekuwa akimvizia gizani alimmiminia risasi zaidi ya 10 kwa bunduki ndogo ya rashasha, naye akaanguka palepale kando ya gari lake.

Marehemu alikuwa Alan Berg, mwenye umri wa miaka 50, mtangazaji wa stesheni ya redio ya KOA. Hakuwa mwanasiasa, hakuwa tajiri, wala hakuwa kiongozi wa chama chochote. Kazi yake ilikuwa kuketi mbele ya kipaza sauti, kupokea simu za wasikilizaji na kubishana nao. Kwa kazi hiyo alijipatia maelfu ya wapenzi na maadui wasio na idadi, kiasi kwamba wapelelezi walipoanza kujiuliza nani angeweza kumtakia kifo, tatizo lao la kwanza halikuwa uhaba wa majina bali wingi wake.

Alan Harrison Berg alizaliwa Januari 18, 1934, mjini Chicago, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa daktari wa meno. Kijana huyo alionekana mapema kuwa na akili nyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Baada ya kusoma kwa muda huko Colorado, aliingia katika masomo ya sheria, na alipokuwa na umri wa miaka 22 tu alifaulu mtihani wa uwakili wa jimbo la Illinois, akawa miongoni mwa vijana wadogo kabisa kupata kuufaulu.

Alifungua kazi ya uwakili mjini Chicago, na kwa macho ya watu wa nje alikuwa amefanikiwa. Alivaa vizuri, alikuwa na fedha na alijulikana mahakamani. Lakini ndani mambo yalikuwa yakiharibika. Pombe ilianza kumtawala, na papo hapo mwili wake ukaanza kupatwa na mishtuko iliyofanana na kifafa, ambayo haikujulikana chanzo chake. Wakili anayetetemeka na kuanguka hawezi kusimama mbele ya hakimu.

Mkewe, Judith, ndiye aliyemshawishi aache uwakili na kutafuta tiba. Wakahamia Denver. Berg alijiandikisha kwa hiari yake katika matibabu ya ulevi, akaachana na chupa. Mishtuko, hata hivyo, haikukoma. Hatimaye madaktari waligundua kuwa alikuwa na uvimbe kwenye ubongo. Katikati ya miaka ya 1970 alifanyiwa upasuaji, akapona kabisa. Kovu lililobaki kwenye paji la uso ndilo lililomfanya afuge nywele ndefu na kuzishusha mbele hadi siku ya mwisho wa uhai wake. Waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani ni madaha ya mtu wa redio.

Ndoa yake na Judith ilivunjika baadaye, ingawa urafiki wao haukuvunjika. Jioni ile ya mwisho kabla ya kuuawa, alikuwa ametoka kula naye chakula cha usiku.

Kuingia kwake katika utangazaji kulitokea kwa bahati, na bahati hiyo ilianzia dukani. Alipofika Denver, wakili huyo wa zamani aliuza viatu, kisha akafungua duka lake la nguo. Miongoni mwa watu aliokutana nao dukani hapo alikuwa Laurence Gross, mtangazaji wa kipindi cha mazungumzo katika KGMC, stesheni ndogo ya Englewood, kando ya Denver. Gross alivutiwa na maneno ya mwenye duka, akamwalika studio mara kadhaa kama mgeni. Gross alipopata kazi San Diego, aliomba nafasi yake apewe Berg. Stesheni ikakubali, na muuza mashati akawa mtangazaji.

Huenda msomaji akashangaa jinsi mtu asiye na mafunzo yoyote ya utangazaji alivyoweza kushika kipindi cha saa kadhaa. Jibu linapatikana katika kazi aliyoiacha Chicago. Kipindi cha kupiga simu, kama Berg alivyokiendesha, kilikuwa mahakama. Anayepiga simu alikuwa shahidi, na mtangazaji alikuwa wakili wa upande wa pili. Mtu akisema kwamba Waafrika wa Marekani ni wavivu, au kwamba Wayahudi ndio wanaomiliki benki zote duniani, Berg hakumwacha apite na kauli yake. Alimwuliza ameyapata wapi hayo. Alimtaka ataje jina la benki, jina la mwenye benki, mwaka, kitabu. Mpiga simu akianza kubabaika, Berg alizidi kumbana. Na akishindwa kabisa, alikatiwa simu, wakati mwingine baada ya kutupiwa maneno makali ambayo mtu mwingine asingethubutu kuyatamka hewani.

Si vema kumpamba marehemu kwa sifa asizokuwa nazo. Berg alikuwa mkali kupita kiasi. Aliwafokea hata watu wasiokuwa na ubaya wowote, watu waliopiga simu kwa sababu tu walitaka kusikika, na aliwakatia simu wazee na wapweke pamoja na wabaguzi. Katika kura iliyopigwa mjini Denver, aliibuka mshindi mara mbili: kama mtangazaji anayependwa kuliko wote, na kama mtangazaji anayechukiwa kuliko wote. Yeye mwenyewe alifurahia sifa zote mbili, kwa kuwa alijua kwamba anayekuchukia husikiliza kwa makini zaidi kuliko anayekupenda.

Lakini yapo mambo mawili ambayo hata waliomchukia hawakuweza kumnyima. La kwanza, alisoma sana na aliingia studio akiwa amejiandaa. La pili, mlango wa simu zake ulikuwa wazi. Mtangazaji anayetaka amani huwachuja wapiga simu, akawapa nafasi wale wanaomsifu na kuwaacha wakorofi wakisubiri hadi wachoke. Berg aliwataka wakorofi. Alizungumzia dini, mapenzi, siasa, silaha na ubaguzi wa rangi, yaani mambo yote ambayo watu wazima huyakwepa mezani, kisha akawaachia wenye mawazo ya chuki wayaseme kwa midomo yao wenyewe, jirani zao wakisikia.

Jambo hilo la majirani lina uzito wake. Kipindi hiki kilikuwa cha mji. Mtu wa Denver aliyemsikia mpiga simu akijivunia chuki yake alikuwa akimsikia mtu anayenunua mkate katika maduka yale yale anayonunua yeye. Wakati ule redio za Marekani zilibanwa pia na kanuni iliyozitaka zitoe nafasi kwa mitazamo inayopingana katika masuala yenye ubishi. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1987, na mwaka uliofuata Rush Limbaugh alianza kurushwa nchi nzima. Taratibu vipindi vya miji vilianza kusukumwa pembeni na sauti moja inayosikika katika mamia ya stesheni kwa wakati mmoja. Berg alikuwa wa zama zilizotangulia hapo.

Mwenendo wake wa kazi haukuwa mnyoofu. KGMC ilibadili jina na kuwa KWBZ. Kutoka hapo alikwenda KHOW, akafukuzwa. Akarudi KWBZ, na stesheni hiyo nayo ikaamua kuacha mazungumzo na kupiga muziki, hivyo akabaki bila kazi. Februari 23, 1981, alianza kazi KOA, na hapo ndipo jina lake lilipovuka mipaka ya Colorado. KOA ilikuwa na mitambo yenye nguvu ya wati 50,000, na nyakati za usiku mawimbi yake yalisikika katika majimbo zaidi ya 30. Kipindi maarufu cha televisheni cha 60 Minutes nacho kilimwonyesha kwa Marekani nzima.

Vitisho vilikuwa sehemu ya kazi tangu awali. Mwaka 1979, akiwa bado KWBZ, kiongozi mmoja wa tawi la Ku Klux Klan la huko Colorado aliingia hadi ndani ya studio wakati kipindi kikiendelea hewani na kumkabili. Berg alitangaza kwamba ametishiwa maisha. Mwenzake alikana. Kesho yake mtangazaji alirudi kazini, na simu zikaendelea kulia.

Wakati huo huo, mbali na Denver, kulikuwa na watu waliokwisha kata tamaa ya mabishano ya aina yoyote. Mwaka 1983, katika kijiji cha Metaline Falls, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, mtu mmoja aitwaye Robert Mathews aliwakusanya wanaume wanane na kuanzisha kundi la siri lililojulikana kama The Order. Waliamini kwamba watu weupe ndio taifa teule, kwamba serikali ya Marekani imetekwa na Wayahudi, na kwamba iko haja ya kuanzisha vita. Mfano wao waliuchukua kutoka katika riwaya iitwayo The Turner Diaries, inayosimulia uasi wa aina hiyo. Yaani walichukua kitabu cha hadithi wakakifanya mwongozo wa kazi.

Vita huhitaji fedha. Kundi lilichapisha noti bandia, likaiba benki na kuvamia magari yanayosafirisha fedha. Uvamizi mkubwa zaidi ulifanyika Julai 1984 karibu na Ukiah, California, ambako walitoroka na zaidi ya dola milioni 3.6.

Vita huhitaji pia adui mwenye jina. Mathews na wenzake walitengeneza orodha ya watu wa kuuawa. Humo alikuwamo Morris Dees, wakili aliyekuwa akiiandama Ku Klux Klan mahakamani kutoka Alabama, na Norman Lear, mtayarishaji wa michezo ya televisheni. Alikuwamo pia Alan Berg.

Kwa nini Berg, mtangazaji wa mji mmoja, atajwe pamoja na watu hao? Mmoja wa wanachama wa kundi, David Lane, alikuwa mkazi wa eneo la Denver na aliwahi kuwa kiongozi wa Ku Klux Klan hapo. Kwake Berg hakuwa jina la kusoma gazetini. Alikuwa Myahudi anayesikika redioni, akiwahoji wahubiri wa itikadi hiyo na kuwaacha hawana jibu mbele ya umma. Katika ushahidi uliotolewa baadaye mahakamani, ilielezwa kwamba mahojiano ya namna hiyo ndiyo yaliyomwingiza Berg kwenye orodha na kumpandisha juu. Aidha, kulikuwa na sababu nyepesi zaidi ya hiyo: alikuwa rahisi kufikiwa. Hakuwa na mlinzi, saa zake za kazi zilijulikana na kila mwenye redio, na nyumba yake ilikuwa kando ya barabara.

Kwa mujibu wa upande wa mashitaka, Lane ndiye aliyeendesha gari la wauaji usiku ule, na Bruce Pierce ndiye aliyefyatua risasi. Mathews mwenyewe alikuwapo. Baada ya tendo hilo walitoweka, na kwa miezi kadhaa polisi wa Denver hawakuwa na cha kushika mkononi.

Kilichowafichua kilitokea mbali na Denver. Katika uvamizi wa Ukiah, Mathews aliangusha bastola iliyosajiliwa kwa jina la mmoja wa wenzake, na uzi huo wa kwanza ukawapa makachero wa FBI mwanzo wa kuufumua mtandao mzima. Oktoba 1984 walipekua nyumba ya mwanachama mmoja huko Idaho, wakakuta shehena ya silaha. Miongoni mwake ilikuwamo bunduki aina ya MAC-10. Wataalamu walipoilinganisha na maganda yaliyookotwa Mtaa wa Adams, ikathibitika kuwa ndiyo iliyomuua Berg. Huo ulikuwa uzembe wa ajabu kwa watu waliojiita wanajeshi, kutunza silaha ya mauaji nyumbani badala ya kuitupa mtoni.

Mathews alizingirwa mwezi Desemba katika nyumba moja kwenye kisiwa cha Whidbey, jimbo la Washington. Alikataa kujisalimisha, akapigana hadi nyumba iliposhika moto naye akafia humo. Wenzake waliobaki walikamatwa mmoja baada ya mwingine, na kesi kubwa ikasikilizwa Seattle mwaka 1985. Hiyo ilihusu njama, wizi na uhalifu wa genge kwa ujumla wake. Pierce alifungwa miaka 100, Lane miaka 40.

Kesi ya Berg hasa ilifika mahakamani Denver mwaka 1987, na hapa ndipo penye jambo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Mwendesha mashitaka wa Denver aliona kuwa ushahidi uliokuwapo hautoshi kumfungulia mtu yeyote kesi ya mauaji. Mathews alikuwa amekufa, na wale waliokuwa tayari kusema walikuwa washirika wa zamani wa kundi lenyewe, ambao maneno yao peke yake yasingebeba kesi ya aina hiyo. Serikali ya shirikisho ikachukua njia nyingine. Iliwashitaki watu wanne kwa kuvunja haki za kiraia za marehemu.

Maana yake ni kwamba juri haikuulizwa tu kama washitakiwa walimuua Berg. Iliulizwa pia kama walimuua kwa sababu alikuwa Myahudi na kwa sababu alikuwa akifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Sheria hiyo iliandikwa katika miaka ya 1960, enzi ambazo Mwafrika wa Marekani angeweza kuuawa kwa kwenda kupiga kura, kukaa katika hoteli au kushika kazi iliyodhaniwa si yake. Sasa ilikuwa ikitumika kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuongea. Ili kuwatia hatiani wauaji, mahakama ilipaswa kukubali kwamba kuketi studio na kubishana na wapiga simu ni haki inayolindwa na sheria ya nchi sawa na kupiga kura.

Novemba 1987 juri ilirudi na uamuzi. Pierce na Lane walipatikana na hatia, na kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 150, kuanzia pale vifungo vyao vya awali vitakapokwisha. Wengine wawili walioshitakiwa nao waliachiwa kwa mashitaka hayo. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ilizitupa hoja za waliohukumiwa.

Kifo hicho kilipata maisha yake katika sanaa. Stephen Singular, mwandishi aliyeishi Denver, aliandika kitabu kiitwacho Talked to Death, kilichotoka mwaka 1987. Mwaka 1988 mwongozaji Oliver Stone alitoa filamu ya Talk Radio, iliyochanganya maisha ya Berg na mchezo wa kuigiza wa Eric Bogosian, ambaye pia ndiye aliyecheza nafasi ya mtangazaji. Filamu hiyo ilihamishia kisa Dallas na kubadili majina. Mwaka 2024 ilitoka nyingine, The Order, inayofuata wapelelezi walioliwinda kundi la Mathews. Humo Berg anaitwa kwa jina lake, akiigizwa na Marc Maron, mchekeshaji ambaye naye amejulikana kwa kazi ya kuhoji watu mbele ya kipaza sauti.

Berg mwenyewe alirudishwa nyumbani alikozaliwa. Kaburi lake liko katika makaburi ya Wayahudi ya Waldheim, Forest Park, nje kidogo ya Chicago.

Gerezani, Lane hakunyamaza. Aliandika bila kuchoka, na kaulimbiu yake ya maneno 14 ikaenea miongoni mwa wabaguzi wa nchi nyingi, hasa baada ya kuja kwa intaneti. Hakuwahi tena kuwa na mtu wa kumwuliza ameyapata wapi hayo. Alifariki dunia kifungoni Mei 2007. Pierce naye alifia gerezani Agosti 2010. Mpaka wanakufa, hakuna aliyewahi kufikishwa katika mahakama ya jimbo la Colorado kujibu shitaka la mauaji ya Alan Berg.